Safari ya Nchi Nne: Kutoka Kariakoo hadi Kariokor



Katika miezi hii waalimu kadha wa kadha, na akina mama pia, wametuuliza juu ya zile safari za kutembezwa ambazo matangazo yake hubandikwa sana katika mitaa ya Kariakoo. Wauliza: Je, yafaa mtu wa mshahara mdogo kutoa fedha yake ili apakiwe katika basi pamoja na watu asiowajua, azungushwe nchi za jirani, kisha arudi nyumbani hana kitu mkononi ila picha? Swali hili ni la haki. Sisi tulikwenda safari ya namna hiyo, tukapita nchi nne kwa muda wa siku kumi, na kwa hiyo imetupasa kueleza tuliyoyaona, ili kila mtu ashauriane na watu wa nyumba yake.

Desturi hiyo imeenea zaidi huko Ulaya. Kule nchi ni ndogo, nazo zimekaribiana kama nyumba za mtaa mmoja. Mtu aweza kunywa chai Ufaransa, akala chakula cha mchana Ubelgiji, na kulala Uholanzi. Tarehe 14 Juni 1985, katika kijiji cha Schengen nchini Luxembourg, yalitiwa sahihi mapatano ya kuondoa ukaguzi mipakani, nayo yakaanza kutumika mwaka 1995. Tangu hapo gari la abiria huvuka mipaka mingi ya huko pasipo kusimama, isipokuwa pakiwa na jambo la hatari. Nchi nyingi hutumia fedha moja, euro. Mbele ya gari hukaa kiongozi mwenye kipaza sauti, naye hueleza: kulia kwenu ni kanisa fulani, kushoto ni ngome ya mfalme fulani. Abiria hushuka, hupiga picha, hupanda tena. Wao huona yale aliyoyaandika kiongozi katika ratiba yake, wala hawaoni mengine. Neno hili la ratiba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Kwetu sisi nchi ni kubwa. Kutoka Dar es Salaam mpaka Arusha ni kadiri ya kilometa 650, na bado u katika nchi moja. Aliyetoka Amsterdam kwa mwendo huo amekwisha pita Ubelgiji na Luxembourg, naye yu ndani ya Ufaransa.

Tulikutana Mnazi Mmoja alfajiri, watu 38 pamoja na dereva wawili na kiongozi, kijana wa Ilala aliye hodari wa maneno na mwenye adabu. Miongoni mwetu walikuwamo waalimu, wauza vitenge wa Mtaa wa Kongo, mafundi, wajane wawili, na mzee mmoja wa Kariakoo mwenye umri wa miaka zaidi ya 70, ambaye hakuwa na mzigo ila mkoba mmoja na daftari la shule. Tulimwita Mzee wa Daftari, wala yeye hakukataa jina hilo.

Kiongozi alianza kazi yake humo humo mjini, kabla ya kushika njia. Alitupeleka kwenye sanamu ya Askari, pale inapokutana barabara ya Samora na ile ya Azikiwe. Tumeipita sanamu hiyo maisha yetu yote, nasi twaona kwamba yafaa mara moja mtu asimame aitazame kama mgeni. Ni askari mmoja wa shaba, ameinama na bunduki yenye singe, uso wake waelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita vya 1914 hata 1918, na maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, Kiswahili kikiwa kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu pia. Katika ubavu wa jiwe zimechongwa picha za wapagazi na mizigo yao. Lakini jina la mtu hata mmoja halimo.

Ndipo Mzee wa Daftari akauliza, "Mwanangu, huko Nairobi tutapita Kariokor?" Kiongozi akafungua karatasi yake, akajibu, "Haimo katika ratiba, mzee wangu. Tuna mbuga ya wanyama, tuna makumbusho, tuna jumba la mikutano." Mzee akanyamaza, akapanda gari.

Hapa yatupasa tueleze, maana wengi wetu twakaa Kariakoo, twanunua na kuuza Kariakoo, twalitaja jina hilo mara kumi kwa siku, wala hatuwaelezi watoto wetu maana yake. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, waliweka kambi ya wapagazi wao mahali hapo. Jeshi hilo la wapagazi kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka kwa midomo yao: Kariakoo. Vita vilipokwisha palifanywa soko. Soko la sasa, lile lenye paa kama miavuli mikubwa inayokusanya maji ya mvua, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, nalo likafunguliwa mwaka 1975. Moto uliliunguza usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na baada yake likakarabatiwa. Majengo yamekuja na kubadilika. Jina la wapagazi limebaki.

Nao walikuwa wengi. Kwa upande wa Waingereza peke yao waliandikwa, au walikamatwa, zaidi ya watu 400,000. Wajerumani walikuwa na wao, na Wabelgiji walikuwa na wao. Kila mmoja alibeba mzigo wa kadiri ya kilo 25 kichwani, siku baada ya siku, katika mvua na matope, kwa chakula ambacho tumbo lake halikukizoea. Waliouawa na risasi ni wachache. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa ugonjwa wa mapafu. Hesabu yao ni makumi ya maelfu. Wasomaji wetu wa visiwani watakumbuka habari za Askofu Frank Weston wa Unguja, aliyekusanya wapagazi mwaka 1916 akaenda nao mwenyewe bara. Mabwana wa cheo chake waliofanya hivyo hawakuwa wengi.

Tukashika njia ya Morogoro, tukapita Mbezi, kilipo kituo kikubwa cha mabasi kilichofunguliwa mwaka 2021, kisha Chalinze, Segera, Korogwe, Same. Milima ya Usambara ilikuwa kulia kwetu, nayo ni kijani kibichi wakati ule. Kiongozi alieleza habari za katani na za reli ya Tanga, akaeleza vizuri. Moshi tulikula wali na maharage. Kilimanjaro ulijifunika mawingu. Tukalala Arusha.

Siku ya pili tulipita Longido. Ni mji mdogo chini ya mlima, na gari halikusimama. Mzee akasema kwa sauti ndogo, kama asemaye na kioo cha dirisha, "Hapa walipigana." Kweli, mapema mwezi wa Novemba 1914 Waingereza waliushambulia mlima ule kutoka upande wa Kenya, wakarudishwa nyuma. Tukamwuliza amejuaje. Ndipo alipotueleza kwamba babu yake mzaa baba alichukuliwa kwao, upande wa Handeni, majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakiteremka mwaka 1916. Alibeba sanduku la risasi, na hakurudi. Watu wawili wa kijiji walirudi, mmoja akasema amemwona akiumwa katika kambi, mwingine akasema amepelekwa Nairobi. Nyumbani walifanya matanga bila ya kaburi. Tangu ujana wake Mzee huuliza habari za watu wale, na kila jina alilolisikia ameliandika katika daftari lile.

Kabla ya kuendelea, maneno machache juu ya mpaka wa Namanga, kwa faida ya wale wanaokusudia kusafiri. Tangu tarehe 1 Desemba 2018 kiko pale kituo cha pamoja: mtu hushuka mara moja tu, katika jumba la nchi anayoiingia, na humo hukaa maofisa wa nchi zote mbili, dirisha kwa dirisha. Mmoja akugonga muhuri wa kutoka, wa pili wa kuingia. Raia wa Afrika ya Mashariki halipi viza. Lakini Mtanzania sharti awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Rwanda walipatana tangu mwaka 2014 kwamba raia wao wapite baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha kawaida. Na kadi ya homa ya manjano msiisahau. Tutaona sasa hivi kwa nini.

Wazee watakumbuka kwamba mpaka huo ulikuwa umefungwa kabisa. Ile Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Serikali yetu ikafunga mpaka wa Kenya, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999.

Nairobi tulilala siku mbili. Mji ule ulianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, na leo majumba yake yamepanda juu mno. Jioni ya kwanza, baada ya chakula, wauza vitenge wawili na waalimu watatu walimwendea kiongozi. Wakamwambia, "Sisi twaacha jumba la mikutano. Utupe nusu saa ya Kariokor." Kiongozi akasema dereva analipwa kwa ratiba, na wengine watanung'unika. Walinung'unika kweli, watu sita au saba. Mmoja akasema hakutoa fedha yake ili aonyeshwe soko, maana yeye ametoka sokoni. Neno lake halikuwa la kipumbavu, lakini walio wengi walitaka, na asubuhi gari likaelekea Kariokor.

Msomaji asitazamie ajabu. Kariokor ni soko. Wanauza viatu vya ngozi, mikanda, vyondo vya kusukwa vya rangi nyingi, na moshi wa nyama ya kuchoma hupanda pembeni. Nayo imepata jina lake pale pale lilipotoka la kwetu: katika vita ile ile palikuwa na kambi ya wapagazi, na watu wa Nairobi wakalitamka neno la Kiingereza kwa ulimi wao. Maneno mawili ni ndugu, Kariakoo na Kariokor, na baina yao ni safari ya siku mbili kwa basi. Wale waliotembea kwa miguu na mzigo hatujui walihesabu siku ngapi.

Mzee alimwendea binti mmoja muuza vyondo, akamwamkia, akamwuliza, "Mwanangu, jina la soko lenu maana yake nini?" Binti akacheka kwa heshima. "Ni jina tu, mzee. Tumelikuta." Mzee akamweleza, amesimama, mkono juu ya rundo la vyondo. Binti akaacha kazi yake akamsikiliza. Akaja na fundi viatu wa jirani, mtu mzima, akasema, "Hata babu yangu mimi alikwenda Kariako. Kwetu Ukambani wapo wengi waliokwenda." Akalitaja jina la babu yake. Mzee akafungua daftari, akaliandika. Kisha tukapigiwa honi.

Kutoka pale tulipitishwa barabara ya Kenyatta, iliko sanamu nyingine iliyofanywa na fundi yule yule wa sanamu yetu, James Alexander Stevenson. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Yeye hana bunduki. Tulishuka dakika kumi, na hili pia halikuwamo katika ratiba.

Twataka wasomaji wapime jambo moja. Wale watembezwao katika nchi za Ulaya, wakifika mji wa Ieper nchini Ubelgiji, hupelekwa wote kwenye lango kubwa liitwalo Menin Gate. Lilizinduliwa mwaka 1927, mwaka ule ule wa Askari wetu. Katika kuta zake yamechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wa dola ya Waingereza waliokufa katika vita ile na miili yao haikuonekana. Na kila jioni, saa mbili usiku, tarumbeta hupigwa kwa ajili yao. Miili haikuonekana, lakini majina yaliandikwa, moja moja. Wapagazi wetu nao miili yao haikuonekana. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda hesabu ikafika 350,000. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Majina mengi hayakuhifadhiwa. Mengine yalikuwamo katika vitabu vya hesabu za mishahara na vitabu vikapotea. Hili latuuma, na hatuoni haya kusema hivyo.

Tuendelee na njia. Kutoka Nairobi barabara huteremka ukuta wa Bonde la Ufa, na chini yake, kando ya njia, liko kanisa dogo sana lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliani waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Kiongozi alilisifu sana, nasi tukaingia kwa zamu, maana halienei watu. Naivasha, Nakuru, mashamba ya chai ya Kericho yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kwanza ya shule. Kisumu tulilala karibu na Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na Waganda Nalubaale. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1901. Maseno tulivuka mstari wa Ikweta, karibu na shule ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1906.

Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Hapo ndipo, wazee wa huko wasema, lilipozaliwa jina la bodaboda: baina ya kituo cha nchi moja na kituo cha nchi ya pili palikuwa na mwendo, na vijana wenye baiskeli walipakia abiria wakiita kwa Kiingereza chao, mpaka hadi mpaka. Leo neno hilo liko kila mahali, hata mlangoni pa kanisa letu.

Sasa habari ya kadi. Katika mpaka mmoja wa safari hiyo, ambao hatuutaji, mama mmoja wa kundi letu, muuza vitenge, alizuiwa. Kadi yake ya homa ya manjano iliingia maji, tarehe haisomeki. Ofisa alimtaka akae kando. Tukangoja. Saa moja ikapita, kisha ya pili. Kiongozi alikuwa amebanwa, maana katika masharti ya safari imeandikwa kwamba gari halitamngoja mwenye kasoro ya hati zaidi ya saa moja. Baadhi ya abiria walisema, "Masharti ni masharti. Na atufuate kwa gari jingine." Yule mama alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, hasemi neno. Mzee wa Daftari akashuka garini, akaenda akaketi karibu naye. Kiongozi akamwita, "Mzee, tafadhali panda." Akajibu, "Mwanangu, nendeni. Watu wa kwetu wamekwisha achwa njiani vya kutosha." Wakashuka na wajane wale wawili, nasi tukashuka. Dereva akazima moto. Baada ya muda mganga wa kituo akaja, akamchanja mama yule upya, akapewa kadi mpya, akalipa. Tulichelewa saa nne, na chakula cha jioni tulichokilipia tulikikuta kimeliwa na wengine.

Jinja tuliuona mto Nili unavyotoka ziwani kuanza safari yake mpaka Misri, na daraja jipya la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, urefu wake mita 525. Kampala ni mji wa vilima. Waalimu wetu walitaka kuona Makerere, alikosomea Mwalimu Nyerere mwaka 1943 hata 1945, wakapelekwa. Jambo moja liliwashangaza wauza vitenge: Kiswahili chetu hakikuwafungulia milango kama walivyozoea. Wauzaji wengi hujibu kwa Kiganda au Kiingereza. Mama mmoja wa sokoni, mtu wa makamo, alitueleza bila ya kuficha: zamani, wakati wa Idi Amin, aliyetawala mwaka 1971 hata 1979, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari waliobisha mlango usiku. Twapaswa kulielewa hilo kabla ya kulaumu. Mwezi wa Julai 2022 serikali ya Uganda iliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule, na tuliwasikia watoto wawili wakituamkia "shikamoo" kwa furaha kubwa, kisha wakakimbia.

Kayabwe, kusini ya Kampala, tulivuka Ikweta mara ya pili. Hapo yuko mtu mwenye mabeseni matatu, huonyesha jinsi maji yazungukavyo kuume upande mmoja na kushoto upande wa pili, na watu hutoa fedha. Waalimu wa sayansi wasihangaike: katika beseni dogo namna ile, maji huzunguka kama alivyoyamimina mwenye beseni. Lakini ni kijana mcheshi, na fedha yenyewe si nyingi.

Mpaka wa Katuna, ambao kwa upande wa Rwanda huitwa Gatuna, ulifungwa mwezi wa Februari 2019 kwa ugomvi wa serikali mbili, ukafunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Kwa muda wa miaka ile mitatu ndugu wa kilima kimoja hawakuzikana. Hapo dereva wetu alihamia upande wa kulia wa barabara, maana ndiyo sheria ya Rwanda, na abiria waliokaa mbele walishika viti vyao kwa nguvu. Hapo pia muuza vitenge mmoja alifungua mzigo wake wote, maana vitambaa vilifungwa katika mifuko ya nailoni, nayo imekatazwa nchini Rwanda tangu mwaka 2008. Na sisi tumekatazwa tangu mwaka 2019, lakini yeye alikuwa na akiba.

Vijana wetu wengi hawajui kwamba Rwanda na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Kigali yenyewe ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Mwaka 1916 Wabelgiji walipita humo wakaenda mpaka Tabora, wakautwaa mji ule tarehe 19 Septemba, na nyuma yao wapagazi. Mzee aliandika hayo pia.

Gisozi, katika Kigali, liko jumba la ukumbusho lililofunguliwa mwaka 2004. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000 katika wale waliouawa kwa muda wa siku kadiri ya 100 tangu mwezi wa Aprili 1994. Hatutaeleza mengi, wala hatushauri kuwapeleka watoto wadogo. Kiongozi alifanya vema: alizima kipaza sauti, akasema tu saa ya kurudi garini. Uko ukuta wa majina, nao haujakwisha, kwa sababu jamaa nzima zilikufa na hakubaki wa kuwataja. Mzee alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu kuliko sisi sote.

Kutoka Kigali mpaka Rusumo ni mwendo wa saa tatu. Mto Kagera huanguka hapo kwa kishindo chini ya daraja, na maji yake sasa hutoa umeme wa megawati 80 unaogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ratiba ilisema: maporomoko, picha, dakika kumi na tano. Lakini alikuwamo mwalimu mmoja wa kike aliyezaliwa Ngara. Akasema, "Mimi nilikuwa mtoto. Ilikuwa mwisho wa Aprili 1994. Watu walipita juu ya daraja la zamani mchana na usiku, hawakwisha." Wanaohesabu husema kadiri ya 250,000 walivuka kwa siku moja. "Mama yangu alipika uji katika sufuria la arusi, akaweka barabarani. Akapika tena. Mtoni hatukuruhusiwa kwenda kuchota maji." Hakueleza kwa nini, na walioyajua mambo ya mto ule mwaka ule hawakumwuliza. Hakuna aliyepiga picha kwa muda. Kisha tukavuka kwa miguu, tukagongewa mihuri, na gari likarudi kushoto.

Njia ya kurudi ni ndefu na ya kuchosha: Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida. Dodoma watu tisa walishuka wakapanda treni ya umeme, iendayo Dar es Salaam tangu mwaka 2024, nao walikwisha oga na kulala wakati sisi tungali Chalinze.

Kwa wale wanaotaka kwenda: ulizeni mapema hati, ulizeni gari hulala wapi, na ulizeni kama fedha ya chakula imo katika bei. Kadi ya homa ya manjano ifungeni katika karatasi isiyoingia maji. Badilisheni fedha kidogo kidogo, maana ni shilingi za namna tatu na faranga. Na kabla ya kulipa, isomeni ratiba, kisha mtafute ni jambo gani halimo, mkamwambie kiongozi siku ya kwanza wala si ya tatu.

Mzee wa Daftari alikuja kwetu Jumamosi iliyopita. Daftari lake lina majina 23 ya wapagazi: wa Handeni, wa Korogwe, wawili wa Uzaramo, na mmoja wa Ukambani, babu wa fundi viatu wa Kariokor. La babu yake mwenyewe liko ukurasa wa kwanza. Ametupa ruhusa tuyachape yote katika toleo la mwezi ujao, kila jina na kijiji chake. Wasomaji wenye majina mengine katika jamaa zao wayaandike kwa herufi za wazi, jina la mtu, la baba yake na la kijiji, na kuyaleta kwa mwalimu wa mtaa wao kabla ya tarehe 20.